Simu ya Mkononi na Dereva: Sheria ya Uingereza

Katika sheria ya barabara ya Uingereza, kuitumia simu ya mkononi huku unaendesha gari ni hatia iliyowekewa kanuni yake mbali, nayo ni ile ya 110 katika kanuni za magari za mwaka 1986, iliyoongezwa humo tarehe 1 Desemba 2003, miaka miwili baada ya jimbo la New York kuyatangulia majimbo mengine ya Marekani kwa katazo kama hilo. Si kwamba kabla ya hapo dereva alikuwa huru, maana aliweza kushtakiwa kwa kuendesha bila hadhari, illa ilipasa kuthibitisha kwamba uendeshaji wenyewe ulikuwa na kasoro. Kwa kanuni mpya ikatosha kuthibitisha kwamba aliitumia simu akiwa ameishika mkononi. Faini ilianza kwa pauni 30, na kufikia Machi 2017 ilikuwa pauni 200 pamoja na alama 6 za makosa, ambazo kwa dereva asiyetimiza miaka 2 tangu kufaulu mtihani ni kupokonywa leseni, jambo liogopwalo aghalabu kuliko fedha.

Waliotunga kanuni waliidhania simu kuwa chombo cha kusemea na kupelekea habari, wakaifunga hatia katika mawasiliano ya kupokezana; simu nayo, pasipo kuwangoja, ikageuka kamera, ramani, saa na santuri. Mwaka 2017 dereva mmoja alipita penye ajali, kaskazini-magharibi ya London, akaipiga picha ya video kwa simu yake; alitiwa hatiani, akaachiliwa kwa rufaa, na Julai 2019 Mahakama Kuu ikashikilia kwamba kupiga picha si kuwasiliana. Majaji walionya kuwa hukumu yao si ruhusa, kwani mwenye kufanya hivyo aweza kushtakiwa kwa uendeshaji mbaya. Nao walihukumu kwa haki, maana kuziba pengo la kanuni si kazi ya jaji.

Pengo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022. Tangu hapo kuwasha kioo tu, kutazama saa au kuchagua wimbo, hata gari likiwa limesimama mbele ya taa nyekundu, ni kutumia. Yamesamehewa machache: kupiga 999 au 112 kwa dharura pasipo mahali salama pa kusimama, na kulipa kwa simu dirishani mwa mkahawa, gari likiwa limetulia. Simu iliyotiwa kishikizoni haikukatazwa, ijapokuwa asemaye asiyeishika naye hushtakiwa akionekana hakulitawala gari lake sawasawa.