Elimu ya malezi, Nkoaranga

Elimu ya malezi, Nkoaranga ni mafunzo ya uzazi, malezi na makuzi ya vijana katika eneo la Nkoaranga, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Misheni ya Leipzig ilifungua kituo hapo mwaka 1902, miaka sita baada ya wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock kuuawa Akeri. Vijana wa Kimeru walikuwa tayari wakifundwa na wazee wao wakati wa jando. Darasa la kipaimara la misheni lilikuja juu ya mafundisho hayo.

Leo nyenzo ya elimu ya malezi iliyoenea kuliko zote wengi hawaihesabu kuwa kitabu: kadi ya kliniki. Mtoto huning'inizwa kwenye mizani, muuguzi akaweka nukta kwenye grafu, na nukta za kila mwezi zikaunganishwa. Mstari ukilala badala ya kupanda, mama huulizwa palepale mtoto anakula nini na mara ngapi. Ni somo la malezi lenye mwanafunzi mmoja, na inasikitisha kwamba akina baba hulikosa mara nyingi.

Hospitali ya Kilutheri ya Nkoaranga ina kituo cha kulea watoto yatima wadogo.

Kwa wanafunzi wa sekondari nchini kuna jarida la Fema, la shirika la Femina Hip lililoanza mwaka 1999. Programu ya taifa ya malezi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, ililenga watoto wa miaka 0 hadi 8. Ajenda ya taifa ya vijana balehe, iliyoanza mwaka huohuo, ililenga wa miaka 10 hadi 19. Mwenye miaka tisa hakutajwa katika umri wa mipango hiyo miwili.