Yogati ya Ladha: Namna ya Kusoma Kikopo Kabla ya Kukinunua

Yogati ya ladha, yaani ile ya stroberi, vanila, embe au nazi inayouzwa katika vikopo vya plastiki, ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria, kisha yakatiwa sukari, matunda au ladha ya matunda, rangi, na mara nyingi kitu cha kuyafanya mazito. Kwenye friji za maduka ya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala hupangwa jirani na maziwa freshi na mtindi, na ujirani huo huipa heshima ambayo si kila kikopo kinaistahili. Mnunuzi anayetaka kujua thamani ya alichoshika aulize kwanza sukari iliyoongezwa ni kiasi gani, halafu maziwa yenyewe yamebaki kiasi gani, na mwisho kama bakteria waliomo bado wako hai. Orodha ya namba zinazowatisha watu wengi inafuata baada ya hayo, na mara nyingi haina uzito inaopewa.

Inavyotengenezwa

Kiwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 85 za Selsiasi kwa nusu saa hivi, au nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika chache. Joto hilo huua vijidudu, lakini pia hubadili umbo la baadhi ya protini ili zishikamane na kasini, protini kuu ya maziwa. Uzito wa yogati nzuri huanzia hapo. Yakipoa hadi nyuzi 42 au 43 hutiwa bakteria wa aina mbili wanaosaidiana kazi, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Huyu wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva akisomea udaktari, na jina lake linatokana na nchi ya Bulgaria. Baada ya saa 4 hadi 6 sehemu ya laktosi, sukari ya asili ya maziwa, huwa imegeuka asidi ya laktiki, pH imeshuka hadi karibu 4.6, na maziwa yameganda.

Mtindi wa nyumbani, maziwa lala na mursik ya Wakalenjin huchacha kwa bakteria wengine, tena kwa joto la kawaida la chumba. Hivyo ni ndugu wa yogati, ila si kitu kimoja nayo.

Matunda yaliingia baadaye. Mwaka 1933 kiwanda cha maziwa cha Radlická mlékárna huko Prague kilisajili hataza ya yogati yenye jamu, na kusudi lake la kwanza lilikuwa kuilinda yogati isiharibike. Mwaka 1947 kampuni ya Dannon ya Marekani ikaanza kuuza yogati yenye matunda chini ya kikopo, ikiwalenga Wamarekani ambao hawakupenda ukali wa yogati tupu. Toka hapo ukali ukawa kasoro ya kufichwa, na cha kuufichia kikawa sukari.

Sukari: hesabu ya kutoa

Jedwali la lishe nyuma ya kikopo huwa na mstari wa sukari, na mstari huo huwachanganya hata watu makini, kwa kuwa hujumlisha sukari ya aina mbili. Ya kwanza ni laktosi iliyobaki baada ya bakteria kula sehemu yao. Katika yogati isiyotiwa kitu ni gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100, na haimo katika sukari ambazo Shirika la Afya Duniani linataka zipunguzwe. Ya pili ni ile aliyoitia mtengenezaji. Marekani, tangu mwaka 2020, kampuni kubwa zinalazimika kuiandika hii ya pili katika mstari wake peke yake. Vikopo vingi vya kwetu huandika jumla tu, kwa hiyo kazi ya kutoa ni yako.

Chukua kikopo cha gramu 250 kinachosema kuna gramu 13 za sukari kwa kila gramu 100. Ondoa gramu 4.5 za laktosi, zinabaki 8.5. Zidisha kwa 2.5, unapata gramu 21, sawa na vijiko vya chai vitano vya sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unasema ni bora zaidi zikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2000 hizo ni gramu 50 na gramu 25. Mtoto wa miaka mitano anahitaji kilokalori 1300 hivi, na mpaka wake wa juu ni gramu 32. Kikopo kimoja kimemlia theluthi mbili za siku nzima, na bado hajanywa chai.

Tusiionee yogati. Soda ya kola ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa mililita 100, karibu sana na hizo 8.5, lakini soda haina protini, haina kalsiamu, haina vitamini B12. Yogati inavyo vyote vitatu. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini haitoshi kumfanya mzazi ajaze kikopo kila siku katika mkoba wa shule akidhani ametia maziwa tu.

Kikopo hichohicho kingehukumiwa tofauti kulingana na nchi kinakouzwa. Uingereza, ambako kampuni nyingi hutumia rangi za taa za barabarani mbele ya pakiti, chakula kisicho kinywaji hupewa nyekundu ya sukari kikizidi gramu 22.5 kwa gramu 100. Kwa kipimo hicho cha gramu 100, gramu 13 zingepata njano. Chile, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 na kukazwa mwaka 2019, chakula kilichoongezwa sukari na kuvuka gramu 10 hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane. Nadhani Wachile wako karibu zaidi na ukweli, maana kipimo cha Waingereza kinahukumu yogati kwa mizani ileile ya biskuti, na ukiisimamisha kando ya biskuti yogati itashinda daima.

Kikopo kikikosa jedwali la lishe, na vya wasindikaji wadogo mara nyingi hukosa, soma orodha ya viambato. Kanuni ya Codex, chombo cha pamoja cha FAO na Shirika la Afya Duniani kinachoweka viwango vya chakula, inataka viambato viandikwe kwa mpangilio wa uzito, kizito zaidi kikianza. Sukari ikishika nafasi ya pili baada ya maziwa, ujue si kidogo. Angalia pia kama imerudi kwa majina mengine: sirupu ya glukosi, fruktosi, asali, juisi iliyokolezwa. Asali ina sifa nzuri mjini, lakini kwa hesabu hii ni sukari. Tena kile kinachoandikwa "mchanganyiko wa matunda" huja kiwandani kikiwa tayari kimetiwa sukari, kwa hiyo sukari inaweza kuwa imeingia kwa milango miwili.

Yogati za "bila sukari" hutumia sukralosi, aspateimu au asesulfamu. Kwa mwenye kisukari zinasaidia kupunguza sukari katika mlo huo. Kwa anayetaka kupungua mwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2023 unashauri vitamuisho hivi visitegemewe, kwa kuwa ushahidi hauonyeshi faida ya muda mrefu.

Maziwa yamebaki kiasi gani?

Hapa msaidizi ni mstari wa protini. Kiwango cha Codex cha maziwa yaliyochachushwa kinataka protini ya maziwa isipungue asilimia 2.7, lakini yogati ya ladha inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 50 ya vitu visivyo maziwa. Vinywaji vinavyotokana na maziwa yaliyochachushwa, vile vya chupa vinavyonyweka kama juisi, vinaruhusiwa kubaki na asilimia 40 tu ya maziwa hayo. Nchi za Afrika Mashariki nazo zina kiwango chao cha yogati, EAS 33, na alama ya ubora ya KEBS, TBS au UNBS huonyesha kuwa bidhaa imepimwa kwa viwango vinavyotambulika. Alama hiyo inahusu usalama na kutimiza masharti. Haisemi kwamba kilichomo ni chakula cha kula kila siku.

Linganisha basi yogati ya ladha na ile tupu ya mtengenezaji yuleyule. Tupu ikiwa na protini gramu 3.5 na ya ladha gramu 2.3, karibu theluthi moja ya kikopo si yogati. Hesabu hii inaweza kuyumba kidogo, maana unga wa maziwa hupandisha protini, na jelatini nayo ni protini, ingawa si ya maziwa. Hata hivyo inatosha kutofautisha kikopo na kikopo. Yogati iliyochujwa maji, ile inayoitwa ya Kigiriki, hufika gramu 8 hadi 10. Ukikuta "ya Kigiriki" yenye gramu 4 na wanga kwenye orodha, jina limechangiwa na wanga.

Tunda nalo lina kipimo chake. Picha ya stroberi kifunikoni haithibitishi kitu, na maneno "ladha ya stroberi" karibu kila mara yanamaanisha hakuna stroberi. Kanuni za Codex zinataka kiasi cha kiambato kinachotangazwa kwa picha au maneno kiandikwe kwa asilimia. Kisipoandikwa, tafuta nafasi ya tunda kwenye orodha. Jelatini kwa kawaida hutiwa chini ya asilimia 1. Tunda linaloandikwa baada ya jelatini ni tone tu.

Zile namba

Namba zenye E, au zenye INS katika mfumo wa Codex, ni majina ya viambato vilivyopitiwa na wataalamu wa usalama wa chakula, na nyingi ni vitu vya kawaida. E440 ni pektini inayotoka kwenye maganda ya machungwa na mabaki ya tufaha. E330 ni asidi ya sitriki, ile ya limau. E1422 ni wanga uliobadilishwa ili usiachie maji. E202 ni kihifadhi kinachozuia ukungu na hamira. Mwenye kuiogopa E440 na kuacha kijiko cha tano cha sukari kipite anaogopa kitu kisicho sahihi.

Rangi, hata hivyo, zinastahili jicho. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliohusisha mchanganyiko wa rangi bandia na kihifadhi cha benzoeti na utukutu wa watoto. Matokeo yalibishaniwa, lakini tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi yoyote kati ya sita (E102, E104, E110, E122, E124 na E129) kiandikwe onyo kuhusu utulivu na umakini wa watoto. E122 na E124 ni nyekundu, na hutumika kuipa yogati sura ya stroberi. Rangi ya kiazisukari chekundu, E162, hufanya kazi ileile bila mjadala huo. E120 nayo ni nyekundu itokanayo na wadudu wadogo wanaokaa juu ya dungusi za Amerika, hasa Peru. Kiafya haina shida kwa watu wengi, lakini Mwislamu na asiyekula mnyama wangependa kuijua mapema. Jelatini pia: hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na lebo nyingi hazisemi yupi. Katika miji ya pwani nembo ya halali ndiyo jibu la haraka. Pasipo nembo, chagua iliyotiwa pektini au wanga.

Bakteria hai

Codex inataka yogati iwe na bakteria wasiopungua milioni 10 kwa gramu hadi siku yake ya mwisho. Masharti hayo hayagusi yogati iliyopashwa moto tena baada ya kuganda, ambayo inapaswa kuandikwa hivyo. Ikiwa kikopo kinakaa rafuni miezi kadhaa bila friji, bakteria wake karibu hakika wamekufa. Protini na kalsiamu zimebaki, lakini faida moja imeondoka: mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba bakteria hai wa yogati, wakifika milioni 100 kwa gramu, humsaidia mtu asiyeimudu laktosi kuiyeyusha. Hilo linatuhusu. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliotoka mwaka 2007, uligundua kwamba jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania zina mabadiliko yao ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa utu uzimani. Wengi wasio na asili hiyo hujaa gesi wakinywa maziwa freshi, na yogati hai huwakaa vizuri zaidi.

Neno "probiotiki" pekee halitoshi. Mtengenezaji mwaminifu hutaja aina ya bakteria, kama ilivyo kwa yogati ya Fiti iliyoanzishwa na kina mama wa Mwanza katika miaka ya 2000 kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western cha Canada, ambayo ilijulikana kwa Lactobacillus rhamnosus GR-1. Na kikopo kilichotuna kifuniko kiache dukani, hata tarehe ikiwa bado: hamira zimeingia, pengine umeme ulikatika na friji ikapoa kwa kuchelewa.

Kuhusu mafuta sina mengi. Yogati yenye mafuta yote ina gramu 3 hadi 4 kwa gramu 100, kiasi cha kawaida cha maziwa. Iliyopunguzwa mafuta mara nyingi hufidiwa kwa wanga na sukari, kwa hiyo soma mistari yote miwili kabla ya kuilipia.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, nunua yogati tupu yenye bakteria hai, ukatie embe bivu, papai au ndizi nyumbani. Ukitaka ya ladha, chagua isiyozidi gramu 10 za sukari na isiyopungua gramu 3 za protini kwa gramu 100, na kikopo cha gramu 250 wakigawane watoto wawili.