Minara Ieleayo ya Bahari ya Kaskazini

Watu wa Denmark ndio waliotangulia kusimamisha mitambo ya upepo baharini, huko Vindeby, mwaka 1991. Minara yao 11 ilikuwa karibu na pwani, penye maji ya mita chache tu, kwa kuwa kila mmoja ulijengewa msingi juu ya sakafu ya bahari. Nchi nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Lakini pengi upepo ulio bora huvuma juu ya vilindi, na msingi wa kufika chini huko gharama yake haichukuliki.

Waliofumbua fumbo hilo walikuwa wachimba mafuta. Statoil, kampuni iliyoundwa na serikali ya Norwei mwaka 1972, ilikwisha kuzoea kazi za bahari kuu. Wahandisi wake walichukua bomba nene la chuma, wakalisimamisha wima majini na kulitia farumi chini. (Nahodha yeyote wa jahazi angewaelewa mara moja.) Minyororo mitatu yenye nanga ililizuia lisichukuliwe na mkondo. Mnara wa kwanza wa namna hiyo uliwekwa karibu na kisiwa cha Karmøy mwaka 2009, nao haukupinduka.

Mwaka 2017 minara mitano, kila mmoja wa megawati 6, ilianza kazi mbele ya mji wa Peterhead, Uskoti. Iliungwa katika hori tulivu za Norwei, kisha ikavutwa na meli kuvuka bahari. Kila mmoja una mita 253 tangu chini ya bomba hata ncha ya panga, na mita 78 kati ya hizo zimezama. Mwaka huo huo Vindeby ilibomolewa.

Kampuni ilibadili jina mwaka 2018, ikawa Equinor. Mwaka 2023 ilifungua minara mingine 11 huko Tampen, nayo, ajabu ni hii, yapeleka umeme kwenye visima vya mafuta vya Snorre na Gullfaks! Kampuni yasema kwamba gesi ichomwayo visimani imepungua. Wapinzani wasema kwamba upepo umefanywa mtumishi wa mafuta. Naona wote wasema kweli, ingawa bila fedha na ujuzi wa mafuta sidhani minara hiyo ingalielea mapema hivyo.

Wala kazi haijawa nyepesi. Mwaka 2024 ile mitano ya Peterhead ilifunguliwa minyororo, ikavutwa tena mpaka Norwei kufanyiwa matengenezo makubwa, na muda wote huo haikutoa umeme.