Kitongoji cha Kitale si kitongoji cha Tarime
Mwambie mkazi wa Kitale kwamba anaishi kitongojini, atakununia. Masikioni mwake umempeleka Kipsongo, maana wanahabari wetu wameliambatanisha neno hilo na “duni” hadi limechafuka. Kule Tarime, Tanzania, kitongoji ni sehemu tu ya kijiji, tena kina mwenyekiti aliyepigiwa kura.

Tofauti hii ina historia. Mwaka 1975, enzi za Ujamaa, Tanzania ilitunga sheria ya vijiji, na msamiati wa utawala ukakua kwa Kiswahili. Kwetu, serikali iliendelea kuandika kwa Kiingereza. Kiswahili kikaachiwa watangazaji na wafasiri. Ndiyo maana Bungoma kata ni eneo la chifu, ilhali Tanzania kata ni ya diwani. Eneo la mwakilishi wetu wa bunge la kaunti tunaliita wadi.

Sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiandika “kila kata ipewe mbegu”, nani atapokea: chifu au diwani? Mfasiri asikimbilie kamusi tu. Aulize kwanza: msomaji wangu yuko upande gani wa mpaka?