Same: mvua ilipimwa, udongo ukasahaulika

Sifa ya ukame ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya chombo kimoja, kipima mvua. Kituo cha hali ya hewa kilichopo Same mjini, ambacho takwimu zake za kila siku zinarudi nyuma hadi kabla ya Uhuru, kinaonyesha wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zinazogawanywa kati ya vuli na masika. Hiyo ni hazina, maana vituo vya aina hiyo nchini ni vya kuhesabika. Hata hivyo, kipima mvua hujibu swali moja tu: maji kiasi gani yameanguka. Kiasi gani kimeingia ardhini, na kimekaa huko siku ngapi, hakijui. Mahindi hayanywi mawingu, hunywa kilichobaki kwenye udongo. Kwa sababu hiyo, historia ya ukame wa Same iliyoandikwa kwa milimita za mvua peke yake ni nusu ya historia, na nchi inayopanga msaada wa chakula kwa nusu hiyo itazidi kushtukizwa.

Ushahidi umo ndani ya takwimu za kituo hichohicho. Mwaka 2007 watafiti Elin Enfors na Line Gordon walichapisha uchambuzi wao kuhusu bonde la Makanya, upande wa magharibi wa Upare Kusini, wakitumia mvua ya kila siku iliyorekodiwa Same. Walichokiona ni kuongezeka kwa vipindi vya zaidi ya siku 21 bila mvua ya maana katikati ya masika. Mkulima anajua maana yake: mahindi yamefika kutoa mbelewele, jua linawaka wiki tatu mfululizo, na mvua inayorudi baadaye inakuta mabua. Kwenye jumla ya msimu, mvua hiyo iliyochelewa inahesabiwa sawasawa na ile iliyokuja kwa wakati. Tena, milimita 60 zikinyesha kidogo kidogo kwa wiki mbili, zinazama. Zikimwagika alasiri moja juu ya shamba ambalo uso wake umejifunga, zinakimbilia korongoni na kuondoka na udongo wa juu. Jumla ya msimu itahesabu 60 mara zote mbili.

Wapare, wenyeji wa milima hiyo, walilitambua jambo hili bila daftari. Kabla ya utawala wa Wajerumani, jamii za milimani zilikuwa zimeshajenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayojazwa usiku kwa maji ya kijito, kisha kufunguliwa asubuhi ili maji yapite mferejini kwenda kwenye mashamba kwa zamu. Anayeitazama ndiva kwa haraka atasema ni hifadhi ya maji tu. Kiutendaji, ni chombo cha kuziba pengo la unyevu. Haikukusudiwa kuichukua nafasi ya mvua. Inaliwezesha shamba kuvuka siku kame hadi mvua ijayo. Mzee wa zamu hakuuliza mwezi huu imenyesha kiasi gani, aliuliza shamba la nani limekauka. Ukiondoa mahesabu, hilo ndilo swali ambalo wanasayansi walikuja kulishughulikia baadaye sana.

Na walichelewa kweli. Katika miaka ya 1950 H. C. Pereira na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, Kenya, walianza kufuatilia maji yaliyomo ardhini chini ya misitu, mianzi, chai na mashamba, wakitumia pamoja na vifaa vingine vipande vya jasi vilivyofukiwa udongoni. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1962, uligusa pia miteremko ya Mbeya. Mwaka 1965 Mmarekani Wayne Palmer alitoa kipimo cha ukame kinachouhesabu udongo kama ghala linaloingiza na kutoa maji, na mwaka 1979 FAO ikaja na njia ya kulinganisha mahitaji ya zao na maji yaliyopo. Hizo mbili za mwisho zilikuwa hesabu za mezani zilizotegemea mvua. Kupima kutoka angani ni habari nyingine. Udongo uliolowa hutoa mawimbi ya mikrowevu tofauti na udongo mkavu, na setilaiti inaweza kuitambua tofauti hiyo hata penye mawingu. Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya SMOS mwaka 2009, Marekani ikarusha SMAP Januari 2015, na kwa kuunganisha vipimo vya setilaiti za zamani dunia sasa ina kumbukumbu ya unyevu inayoanzia mwaka 1978.

Hapo ndipo Same inapoleta pingamizi zito. Jicho la SMAP huona eneo la takriban kilomita 36 kwa 36 kwa mara moja, na bonde zima la Makanya ni karibu kilomita 300 za mraba tu. Ndani ya mraba mmoja wa setilaiti unaweza kukuta ubaridi wa milimani wenye mvua ya kutosha maharage na migomba, na tambarare ya mkonge chini yake ambako upepo wa Bahari ya Hindi unafika ukiwa umeshaacha maji yake upande wa pili wa mlima. Wastani wa viwili hivyo haumhusu mtu yeyote anayeishi humo. Kilichouma zaidi ni kwamba SMAP ilikuwa na rada iliyokusudiwa kuona maeneo madogo zaidi, ikafa Julai 2015, miezi michache tu baada ya kurushwa. Tena setilaiti inasoma sentimita tano za juu, ilhali mizizi ya mahindi inashuka mbali zaidi, na jua la Same hukausha tabaka hilo la juu kwa siku chache.

Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linathibitisha hitaji la kupima ardhini. Haliuondolei unyevu nafasi yake. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya setilaiti na jembe. Miaka ya 2000 watafiti akiwemo Hodson Makurira walipima unyevu ndani ya mashamba ya wakulima wa Bangalala, katika bonde hilohilo la Makanya, wakafuatilia namna maji yanavyogawanyika katika mashamba yenye makinga-maji ya fanya juu na yale yasiyonayo. Kazi kama hiyo, ikifanywa kwa miaka mingi na si kwa muda wa mradi, ndiyo ingeipa picha ya angani mahali pa kusimamia.

Wapo watakaosema mkulima hahitaji haya yote, kwa kuwa akichimba kidogo na kufinyanga udongo kiganjani anajua kama apande au asubiri. Ni sawa, kwa shamba lake. Anayeamua mahindi ya msaada yaende kata ipi hafinyangi udongo wa kata hiyo. Anasoma karatasi, na karatasi hiyo imejaa milimita. Wengine watasema kipima mvua ni rahisi na kina historia ndefu, nami nakubali kisitupwe. Lakini urahisi wa chombo hauwezi kuwa sababu ya kuuliza swali lisilo sahihi kwa zaidi ya miaka sitini.

Taarifa za kilimo za kila siku kumi za Mamlaka ya Hali ya Hewa huutaja unyevu wa udongo kwa maneno, kwamba unatosha au hautoshi. Sasa uwekewe namba. Vipimo vifukiwe Makanya, Bangalala na Vudee, kimoja tambarare, kimoja katikati, kimoja juu, na matokeo yabandikwe ofisi ya kata pamoja na yale ya mvua, ili halmashauri ijue masika yakiwa bado yanaendelea ni upande gani wa mlima utakaohitaji chakula.