Kebo za USB-C: umbo moja, kazi mbalimbali

Juzi nilikuwa nikinakili faili za mteja, gigabaiti 300 hivi, kutoka kwa diski ya nje. Kazi ikachukua zaidi ya saa mbili, na diski yenyewe ni ya kasi. Kumbe nilikuwa nimechomeka kebo ya kuchajia simu! Zote ni USB-C na zote zinaingia tundu lile lile. Mbona basi zitofautiane? Jibu liko kwenye historia.

USB ya kwanza ilitoka mwaka wa 1996. USB 2.0 ya mwaka wa 2000 ilipitisha megabiti 480 kwa sekunde kwa nyaya nne tu: mbili za umeme, mbili za data. USB 3.0 ya 2008 ikaongeza nyaya za data na kufika gigabiti 5. Siku hizo macho yalitosha, kwani plagi nyingi za USB 3.0 zilikuwa na rangi ya samawati ndani.

Mwaka wa 2014 ikaja Type-C, yenye pini 24, inayoingia upande wowote. Lakini kanuni zake ziliruhusu kebo yenye nyaya za USB 2.0 peke yake. Kebo kama hiyo ni nyembamba na ya bei nafuu, na mtu wa kuchaji simu hahitaji zaidi. Upande wa umeme, kebo ya kawaida hubeba ampia 3, yaani hadi wati 60. Ili ibebe ampia 5, lazima iwe na chipu ya kuieleza chaja uwezo wake. Tangu 2021 kanuni zinaruhusu hadi wati 240.

Hatari ilionekana mapema. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza mwaka wa 2015 kununua kebo Amazon na kuzipima. Februari 2016, moja iliyoungwa vibaya ikamharibia tarakilishi. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku kebo zisizofuata kanuni.

Kwa hivyo ndugu msomaji, wati nyingi hazimaanishi data ya kasi. Kebo ya wati 240 yaweza kuwa na data ya USB 2.0 tu. Kabla ya kununua, tafuta namba zote mbili: wati na gigabiti. Mimi zangu nimeshazibandika karatasi.