DT ya chama: pikipiki moja, mikono mitano



Kwenye mkutano uliopita tulibishana karibu saa mbili juu ya pikipiki. Kuna mtu alikuja na dola mkononi, anataka kununua DT yetu. Sanduku la chama ni karibu tupu, na wengine wakasema: tuuze, ni chuma tu. Kamati tukaombwa tuandike historia yake, ili kila mmoja apige kura akijua anauza nini. Basi ni hii.

Ni Yamaha DT 125, ile yenye injini inayochoma oili pamoja na esanse. Oili iko na tangi lake dogo, na pompu inaipeleka yenyewe kwenye injini. Oili ikiisha, pistoni inakwama na kazi imekwisha. Wafadhili wa Ulaya wanaijua familia hii: ndugu yake mkubwa, XT 500, ndiyo ilishinda rali ya kwanza ya Paris-Dakar mwaka 1979, ikiendeshwa na Cyril Neveu. Ya kwetu haikushinda rali. Barabara ya Uvira kwenda Baraka, wakati wa mvua, ni rali ya kutosha.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa misheni, mwanzo wa miaka ya 80, ile wakati nchi ingali Zaire. Ilikuwa inabeba sanduku la chanjo kwenda vijiji vya mlimani. Mzee wa misheni aliweka sheria moja: kila kinachobadilishwa kiandikwe kwenye daftari, na daftari lifuate pikipiki. Daftari lile tunalo mpaka leo.

Mwaka 1991 askari walipora Kinshasa na miji mingine, wageni wengi wakaondoka. Mzee yule naye akaenda, akamuachia pikipiki muganga wa kituo cha afya, alipe kidogo kidogo kwa misheni. Lakini pesa ilikuwa inafia mkononi: mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Sehemu ya mwisho ya bei muganga alilipa kwa mbuzi. Daftari linasema: wanne, mmoja ana mimba. Huo ndio mkono wa pili.

Oktoba 1996 Uvira ikaanguka. Watu wakaanza kupanda mitumbwi usiku kuelekea Kigoma. Mtumbwi hauchukui pikipiki wakati watoto hawajapata nafasi. Muganga na mdogo wake wakamwaga esanse, wakatoa buji, wakamimina oili ndani ya silinda juu ya kutu. Wakaifungua vipande, wakavifunga kwa plastiki, wakazika katika shamba la mihogo. Muganga alifika Nyarugusu na familia yake, daftari, na karte roze. Mdogo alibaki.

Wengi wetu tuliokuwa kambini hatukujua kazi aliyofanya yule mdogo. Kila kiangazi alikuwa anafukua vipande usiku, anapangusa, anapaka oili, anazika tena mahali pengine. Hakuipanda hata siku moja, kwa sababu ukionekana na pikipiki, unanyang'anywa. Mara moja watu wenye bunduki walisikia habari yake, wakampiga mpaka mgongo ukaharibika. Hakusema iko wapi.

Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuturudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Muganga alirudi na watoto waliozaliwa kambini na karte roze ndani ya nailoni, akaomba pikipiki yake. Mdogo akamjibu: «Yaya, karatasi iko na wewe, lakini mgongo wangu ndio ulilipa.»

Ndugu, nani kati yetu hakusikia maneno kama hayo? Mmoja ana karatasi ya kiwanja, mwingine ndiye alibaki analima na kuzika wafu. Wazee walikaa siku mbili. Wakaamua: pikipiki iende kwa mdogo, na muganga achukue sehemu ya mdogo katika shamba la baba yao, kando ya mto. Wote wawili walitia sahihi kwenye daftari. Tangu pale, tukikaa juu ya mgogoro wa kiwanja, tunauliza maswali mawili: nani ana karatasi, na nani alitunza? Chama kilijifunzia hapo.

Mdogo ndiye mkono wa tatu. Alipoenda kutafuta dhahabu Misisi, alimuuzia mama mmoja, mwanachama wetu, muuzaji wa ndagala. Mama alibadilisha pistoni, iliyotoka Bujumbura, na sheni mara mbili. Siku moja pikipiki ilikuwa imebeba samaki kwenda Fizi, na binti yake akashikwa na uchungu. Walimbeba kwa tipoyi, wakachelewa. Mtoto alipona, binti hapana. Miezi mitatu baadaye mama aliileta mbele ya kamati na neno moja aliloliandika mwenyewe: «Mgonjwa kwanza, mzigo kisha.»

Sisi ndio mkono wa tano. Inashusha wagonjwa kutoka mahali ambapo gari haifiki.

Tuseme ukweli pia. Wanaotaka kuuza hawana ubaya. Vipuri vya DT ni shida kupata, na inakunywa esanse kuliko Boxer au TVS, ambazo buji yake unaipata kila soko. Kwa bei aliyotaja mnunuzi, tungepata moja na kubaki na kitu sandukuni.

Kamati inapendekeza hivi: tusiuze mwaka huu. Tuchange kwanza kwa ajili ya sheni na akiba ya oili, na wafadhili wanaoweza watusaidie kupata pistoni moja ya akiba. Kama wengi watataka kuuza, tutatii. Lakini pikipiki itakayonunuliwa ichukue daftari lile lile, na neno la mama libaki juu ya kila safari.

Daftari liko kwa mwandishi wa chama. Pita ulisome kabla ya kura.